Ndege za ajabu za Wajerumani, mi siku hizi naanza na gundi

Wiki iliyopita nilikuwa naunganisha modeli ya plastiki ya Heinkel He 162, ile jeti ndogo yenye injini mgongoni, na kwa haraka zangu nikamimina gundi nyingi pale bawa linapoingia kwenye kiwiliwili, nikaiacha mezani nikaenda kulala. Asubuhi nakuta plastiki imelainika kama mshumaa, bawa la kushoto linaning'inia kama sikio la mbwa mgonjwa. Nilikasirika, afu nikaanza kucheka peke yangu, maana ukiijua historia ya hii ndege utaelewa, yaani nimefanya kwa uzembe kitu kile kile kilichomuua rubani wake wa kwanza. Gundi imekula bawa.

Kwa hiyo leo naongelea gundi. Najua ukisema ndege za majaribio za Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili watu wanasubiri spidi, roketi na mabawa ya ajabu ajabu, na hayo yatakuja, usijali. Na mi mwenyewe nimekaa miaka kwenye hiyo michoro, zile picha za rangi unaona ndege kama popo inapasua mawingu mwaka 1946 ambao kwao haukufika, na chini ameandika mtu kwamba wangepata miezi sita tu zaidi basi dunia ingekuwa nyingine. Nilikuwa naamini kabisa. Siku hizi nikiona mchoro wa mwaka 1944 swali langu la kwanza sio ingekimbia kilomita ngapi kwa saa, nauliza ilishikizwa na nini, na nani alikuwa anashikiza.

Twende 1944 basi. Wamarekani wanapiga mabomu mchana, Waingereza usiku, marubani wazoefu wanaisha, alumini ni ya kugombania, na mafuta ndo usiseme, maana kuanzia tarehe 12 Mei 1944 Wamarekani waligeukia viwanda kama Leuna vilivyokuwa vinatengeneza petroli kutoka kwenye makaa ya mawe. Julai ikatoka amri ya mpango wa dharura, nguvu zote ziende kwenye ndege za kulinda anga, mengine yasubiri. Septemba wizara ya anga ikatoa masharti ya ndege mpya ambayo ukiyasoma leo unadhani ni utani: injini moja ya jeti, uzito usizidi tani 2, ikimbie 750 km/h karibu na ardhi, ikae hewani nusu saa, itengenezwe kwa mbao na chuma cha kawaida, na iunganishwe na watu ambao sio mafundi wa ndege. Wakaiita Volksjäger, ndege ya kivita ya wananchi. Kuna wakubwa walioota kabisa kwamba vijana wa Hitler wafundishwe kidogo kwenye glaida halafu wapandishwe kwenye jeti. Adolf Galland, ambaye ndo alikuwa msimamizi wa ndege za kivita, alipinga, akasema kila kilichopo kiende kwenye Me 262, jeti ya Messerschmitt iliyokuwepo tayari, hawakumskiliza, Göring, mkuu wa jeshi la anga, alikuwa upande wa wale wengine.

Heinkel wakaipata hiyo kazi. Na hapa lazima niwape haki yao, kutoka masharti mpaka ndege kuruka ni siku 90 hivi, na kazi za aina hiyo kwa kawaida zinakula miaka. Waliiweka injini ya BMW 003 juu mgongoni ili kiwiliwili kisiwe na mambo mengi ndani, mkia wakaugawa pande mbili ili moshi wa injini upite katikati, bawa la mbao, rubani akapewa kiti cha kumrusha nje kwa baruti maana akiruka mwenyewe anaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa injini. Ni dizaini ya watu wenye akili waliokuwa na haraka.

Tarehe 6 Desemba 1944, Schwechat karibu na Vienna, rubani wa majaribio Gotthold Peter akairusha mara ya kwanza. Akafika 840 km/h. Ikatokea kitu kidogo, mlango mmoja unaofunika gurudumu ukabanduka ukaenda zake, akatua salama. Wakaangalia, wakaona ni gundi, imeachia. Sasa hapo mi na wewe tungefanya nini? Tungefungua bawa. Ndege ni mbao, mlango umeachia gundi, na bawa limeshikwa na gundi hiyo hiyo. Lakini kulikuwa na onyesho siku nne mbele na wakubwa wanakuja.

Tarehe 10 Desemba wakubwa wamesimama pembeni na makoti yao, Peter anapita mbele yao chini chini kwa spidi kubwa, na pale pale mbele ya macho yao sehemu ya mbele ya bawa inabanduka, inafuatia nyingine, ndege inaviringika inaingia ardhini. Sekunde chache tu. Hicho kiti cha baruti hakikumsaidia, hakukuwa na muda wala urefu.

Sasa hiyo gundi. Wajerumani walikuwa na kitu kizuri sana kinaitwa Tego-Film, na sio gundi ya kumimina kama hii yangu, ni kama karatasi nyembamba iliyoshiba resini, unailaza katikati ya tabaka mbili za mbao, unabana kwa joto na mgandamizo, inayeyuka, inashika, na maji hayaiingii. Plaiwudi ya namna hiyo unaweza kuijengea bawa ukalala usingizi. Ilikuwa inatengenezwa Wuppertal, na mwaka 1943 Waingereza waliipiga Wuppertal vibaya sana, kiwanda kikapotea humo. Ikabidi itafutwe gundi mbadala haraka haraka, na hiyo mbadala ilikuwa na asidi. Yaani siku ya kwanza inashika vizuri tu, wiki ya kwanza vizuri, afu taratibu inaanza kuzila zile mbao pale pale ilipozishika. Nje huoni kitu, umepaka rangi, umechora alama, inang'aa, ndani kiungo kinageuka unga.

Na He 162 haikuwa ya kwanza, hilo ndo linaniuma zaidi. Kurt Tank wa Focke-Wulf alishajenga Ta 154, ndege ya usiku ya mbao, wakaiita Moskito kabisa kwa kuwaonea wivu Waingereza na Mosquito yao, nayo ya mbao. Prototaipu zilizotumia gundi nzuri ziliruka safi. Zilipoanza kutoka za kiwandani, majira ya katikati ya 1944, zikaanza kuvunjika mabawa, na mwezi wa nane programu ikafutwa. Miezi minne kabla ya Peter. Taarifa ilikuwepo, mtu angeuliza tu.

Unadhani baada ya Schwechat walisimama? Wakaimarisha bawa, ncha za mabawa wakazikunja kwenda chini kurekebisha uyumbaji (wenyewe waliziita masikio ya Lippisch, mbunifu ambaye nitamrudia), wakapunguza spidi ya majaribio, kazi ikaendelea. Mwisho wa vita kikosi cha JG 1 kilikuwa nazo Leck, kaskazini karibu na mpaka wa Denmark, na zilikuwa zinawamaliza marubani wao wenyewe kuliko adui, ikiwemo kwa kuishiwa mafuta, maana nusu saa ile ya kwenye masharti ni kweli nusu saa, ukichelewa kidogo unatafuta shamba. Baada ya vita Eric Brown, yule rubani wa majaribio wa Uingereza aliyerusha aina 487 za ndege (namba hii huwa naiangalia mara mbili kila nikiiandika), aliirusha akaisifu jinsi inavyogeuka, ila akaonya usukani wa mkia usikanyagwe kwa nguvu. Novemba 1945 huko Farnborough rubani mwenzake aliitoa kwenye maonyesho, mkia ukakatika, akafa.

Nimekaa sana kwenye hii moja, najua. Ila ukiishaona gundi hapa unaanza kuiona kila mahali, hata pale ambapo tatizo lenyewe linaitwa jina lingine.

Chukua Me 163 Komet. Hii watu wanaipenda na mi naelewa kwa nini, ni kama yai lenye mabawa, haina mkia wa kulala, kazi ya Alexander Lippisch, inatumia roketi, na tarehe 2 Oktoba 1941 pale Peenemünde Heini Dittmar alivuka nayo 1000 km/h, jambo ambalo hakuna binadamu alikuwa amefanya. Inapanda mita 12,000 kwa kama dakika tatu na nusu. Mwaka 1944 hakuna kitu chenye rubani kilichokuwa kinaweza kuifuata juu.

Sasa angalia inakunywa nini. Chupa ya kwanza ni T-Stoff, ambayo ni haidrojeni peroksaidi, ile ile ya kusafishia vidonda, lakini ya kidonda ni asilimia 3 hivi na hii ni 80. Ikigusa kitambaa, ngozi, majani, kitu chochote chenye uhai au kilichowahi kuwa na uhai, inaunguza au inakiwasha. Chupa ya pili ni C-Stoff, mchanganyiko wa methanoli na haidrazini. Zikikutana hazitaki kiberiti. Ndo maana gari la T-Stoff na gari la C-Stoff hayakuruhusiwa kusogelea ndege kwa wakati mmoja, moja linajaza, linaondoka, ndege inamwagiwa maji, ndo linakuja la pili. Na rubani anakaa wapi? Matangi mawili ya T-Stoff yako ndani ya chumba chake, moja kulia moja kushoto, kama mtu aliyekaa kwenye kiti katikati ya madumu mawili ya asidi. Akavalishwa ovaroli maalum ambalo kwa kweli lilikuwa la kumpa moyo tu.

Halafu haina magurudumu ya kutulia. Inaruka na kigari cha magurudumu mawili kinachodondoshwa ukishapaa, unarudi kutua kwa tumbo, kwenye ubao wa kuteleza. Oktoba 1942 Hanna Reitsch, rubani wa kike maarufu kuliko wote kule, kigari chake kiligoma kudondoka, akaanguka wakati wa kutua akavunjika uso akalala hospitali miezi. Desemba 1943 Josef Pöhs, kigari kilidunda kikarudi kikaipiga ndege, T-Stoff ikavuja kwenye chumba chake. Sitaeleza alivyokutwa.

Ukishavuka yote hayo umefika juu, una mafuta ya dakika saba na nusu, unaikimbilia B-17, ndege ya mabomu ya Wamarekani, kwa spidi zaidi ya mara mbili ya yake, na mizinga yako ya MK 108 inatupa risasi polepole na kwa umbali mfupi, unapata sekunde mbili tatu za kulenga kabla hujaigonga. Wakabuni kitu kinaitwa Jägerfaust, mirija ya kufyatua kwenda juu iliyowekwa kwenye mabawa, yenye jicho la kuhisi mwanga, ukipita chini ya ndege ya adui kile kivuli chake ndo kinafyatua. Aprili 1945 Fritz Kelb aliitumia na ikafanya kazi. Mi hicho kifaa nakisifu mpaka leo, ni cha akili kweli kweli, ila ilikuwa Aprili 1945. Komet zilijengwa kama 370 na ndege zote za adui zilizoangushwa nazo hazifiki hata 20. Mafuta yakiisha inakuwa glaida, na Mustang, ndege za kivita za Wamarekani, zilishajifunza kuisubiri kwenye uwanja wake inaporudi.

Halafu kuna Natter. Bachem Ba 349. Hii nikiielezea kwa mtu asiyejua historia huwa ananitazama kama natunga. Erich Bachem alisema hivi, uwanja wa ndege unapigwa mabomu, basi tusiwe na uwanja, turushe ndege wima kutoka kwenye nguzo ya mita 20 hivi, roketi nne za pembeni za kuisukuma, injini ya roketi ya kampuni ya Walter, ile ile ya jamii ya Komet, pua yake ina roketi 24 za kufyatua zote kwa mkupuo, na ukishafyatua huna haja ya kutua, unaachana na pua, unatoka na parashuti yako, sehemu ya nyuma yenye injini inashuka na parashuti yake ikatumike tena. Iliyobaki ni mbao na misumari na gundi, kazi ya karakana za useremala, ikipotea imepotea. Ndege ya kutumia mara moja na rubani wa kutumia mara nyingi, hiyo ndo ilikuwa nia.

Tarehe 1 Machi 1945, uwanda wa Heuberg, Lothar Sieber, miaka 22, akafungwa mikanda ndani yake akiwa amelala chali anatazama mawingu. Ikaruka. Ikiwa kama mita 500 juu ikaanza kulala mgongo, kifuniko cha kioo kikang'oka, na kile kifuniko ndo kilikuwa kimeshika kiegemeo cha kichwa chake. Ikaingia mawinguni. Sekunde chache wakaiskia bila kuiona, afu ikatokea upande mwingine inakuja chini pua mbele. Safari nzima haikufika dakika moja. Ndo binadamu wa kwanza kurushwa wima kwa roketi, kama unapenda rekodi za namna hiyo.

Huwa nawaza Sieber akiwa amelala pale, ile dakika kabla hawajabonyeza. Amejengewa na maseremala.

Kwenye karatasi mambo yalikuwa matamu zaidi maana karatasi haina gundi. Focke-Wulf walichora Triebflügel, ndege inayosimama kwa mkia, mabawa matatu yanazunguka kiwiliwili kama propela kubwa, na kwenye ncha ya kila bawa kuna injini ya ramujeti, jeti inayobana hewa kwa spidi yake yenyewe tu, na kwa kuwa ramujeti haiwaki ukiwa umesimama basi roketi ndogo zinaanza kuyazungusha kwanza. Kimahesabu sio ujinga, kwa sababu nguvu inatoka kwenye ncha basi kiwiliwili hakigeuzwi upande wa pili kama helikopta. Sema kutua sasa, unatua kinyumenyume umelala chali unaangalia ardhi juu ya bega lako na mapanga matatu yanazunguka kati yako na kila kitu. Iliishia modeli ya kwenye handaki la upepo, na namshukuru Mungu kwa niaba ya marubani.

Lippisch naye alipoona mafuta yameisha akachora P.13a, pembetatu tupu inayochoma makaa ya mawe. Ndio, makaa, yamewekwa kwenye kikapu cha waya kinachozunguka ndani ya ramujeti. Glaida ya kupimia umbo lake, DM-1, ilikuwa inajengwa na wanafunzi, Wamarekani wakaikuta Prien am Chiemsee, wakaacha imaliziwe kisha wakaisafirisha kwao kuipima Langley, kwenye maabara yao ya ndege. Na Blohm & Voss wakajenga kabisa BV 40, ndege ya kivita isiyo na injini, rubani amelala kifudifudi ili iwe nyembamba adui asiione, inavutwa juu na ndege nyingine, inaachiwa, inashuka inapiga mara moja mbili basi. Hii iliruka Mei 1944. Injinia wao mkuu, Richard Vogt, ni yule yule wa BV 141 yenye chumba cha rubani upande mmoja na injini upande mwingine, huyo mtu mi nampenda bure, alikuwa hachoki.

Dornier Do 335 niipitie haraka kwa sababu hii ilikuwa nzuri kweli, injini moja mbele inavuta, moja nyuma inasukuma, karibu 760 km/h kwa propela, na ukitaka kutoka kwa kiti cha kurushwa kuna baruti za kukata propela ya nyuma na bawa la juu la mkia zisikukate wewe. Iliruka Oktoba 1943. Haikuwahi kufika kwenye vikosi kwa idadi ya maana. Imebaki moja tu duniani.

Sasa mtu ataniambia, hizo ulizotaja ni za kichaa, je Me 262? Hiyo ilifanya kazi, ilipigana, zilijengwa zaidi ya 1,400. Ni kweli, na kisa maarufu ni kwamba Hitler ndo aliiharibu kwa kutaka iwe ya mabomu. Mi hicho kisa sikinunui. Iliruka kwa jeti tupu Julai 18, 1942 pale Leipheim, Fritz Wendel ndo rubani, na ilikuwa na gurudumu la mkia, hivyo pua ilielekea juu na mkia ukakosa upepo, ikabidi katikati ya kukimbia aguse breki kidogo ili mkia unyanyuke! Breki, unaporuka! Ila kilichoichelewesha miaka miwili iliyofuata ni injini. Jumo 004, ndo injini yenyewe, inahitaji chuma kinachovumilia moto, na chuma hicho kinahitaji nikeli na kromiamu, ambazo hawakuwa nazo za kutosha, wakatumia chuma cha kawaida kilichopakwa alumini sehemu za moto na blade za tabini zilizo tupu ndani. Injinia akipata kitu kama hicho kinachowaka ni shujaa. Lakini ilidumu saa 10 mpaka 25 halafu unaibadilisha. Ni gundi nyingine tu hiyo, mbadala wa kitu ambacho hakipo.

Na lile bawa lake lililolazwa nyuma ambalo watu wanaliimba, Adolf Busemann alishaeleza faida ya kulaza bawa mwaka 1935 kwenye mkutano wa Roma na waliomskiliza hawakulitilia maanani, lakini kwenye Me 262 zile digrii 18.5 zilikuja kwa sababu injini zilitoka nzito kuliko walivyopanga na ikabidi uzito urudishwe sawa. Ilikuwa marekebisho ya mizani. Niliumia kidogo nilipojua hilo, nisidanganye.

Sasa swali langu la pili, nani alikuwa anashikiza. Viwiliwili vya He 162 vilijengwa Hinterbrühl, karibu na Vienna, ndani ya mgodi wa jasi uliokuwa na ziwa chini ya ardhi, wakalitoa maji wakaweka mashine, na mafundi walikuwa wafungwa wa kambi ya mateso iliyokuwa tawi la Mauthausen. Vya Me 262 vilijengwa kwenye mahandaki ya Gusen, nayo hiyo hiyo Mauthausen. Watu wenye njaa, wanaopigwa, ndo wanaunganisha ndege ya kisasa kuliko zote duniani. Aprili 1945 Hinterbrühl ilipohamishwa kwa kuwakimbia Warusi, wagonjwa wasioweza kutembea waliuawa kwanza. Kwenye ile michoro ya rangi ya 1946 hakuna aliyemchora huyo mtu, na mi nimeitazama miaka mingapi bila kumuuliza.

Baada ya vita kila mtu akabeba chake. Wamarekani waliikuta Messerschmitt P.1101 Oberammergau, ambayo mabawa yake yalikuwa yanabadilishwa pembe ukiwa chini kabla ya kuruka, na kutoka humo Bell wakatengeneza X-5 iliyobadilisha pembe angani, ikaruka 1951. Kurt Tank akaenda Argentina akajenga jeti ya Pulqui II kwa mawazo ya Ta 183, jeti ya Focke-Wulf iliyoishia kwenye karatasi, afu India akawajengea jeti ya Marut. Kuna wanaosema MiG-15, jeti ya kivita ya Warusi, nayo ni Ta 183 iliyoibiwa, mi hapo nakataa, mkia tu mtu anaona umefanana basi, na injini yake ilitokana na Nene ya Rolls-Royce ambayo Waingereza waliwauzia Warusi wenyewe kwa mkono wao. Ona, hata hapo, injini.

Nimeiacha ya mwisho makusudi, Horten Ho 229, maana ndo iliyoniingiza kwenye haya mambo. Ndugu wawili, Walter na Reimar, ndege ambayo yote ni bawa, haina mkia, jeti mbili ndani, chuma katikati na mbao kila mahali pengine. Göring alitaka ndege ya kubeba kilo 1000, kwa kilomita 1000, kwa 1000 km/h, na hawa walisema tunaweza. Ya kwanza yenye jeti iliruka Oranienburg Februari 2, 1945, na tarehe 18 mwezi huo huo injini moja ikazima na Erwin Ziller akafa nayo. Miaka ya 1980 Reimar akaja kusema kwamba walipanga kuchanganya unga wa mkaa kwenye gundi ya plaiwudi ili imeze mawimbi ya rada, na miaka mingi baadaye wahandisi wa Northrop Grumman, kampuni ya ndege ya Marekani, wakajenga nakala wakaipima. Mi maneno yanayokuja baada ya karibu miaka 40, wakati dunia nzima tayari inaongelea ndege zisizoonekana kwenye rada, nayapokea kwa mkono wa kushoto. Ila ona tena ni gundi.

Ile ya tatu, V3, Wamarekani waliikuta Friedrichroda haijamalizika. Haikuwahi kuruka. Iko Virginia sasa, kwenye jumba la Smithsonian la Udvar-Hazy, baada ya kukaa stoo miaka na miaka. Nina picha yake ya karibu niliyoihifadhi kwenye simu, sio ya ndege nzima, ni ya pale kwenye ukingo, inaonyesha plaiwudi imefumuka tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa, na katikati ya kurasa unaona ile rangi ya kahawia iliyokauka. Huwa naikuza mpaka inavunjika vipande. Modeli yangu bado iko mezani na bawa lake limelala, sijaamua kama nitaitengeneza.